Risasi Ndani ya Bastola Mpya

Miaka minne LaVonne Hedrick alikuwa akiingojea bastola ile. Mzee Thurman Oakes hakuwa fundi wa kuharakishwa. Alitengeneza chache tu kwa mwaka, moja moja, kwa tupa na mkono wake, na watu wa jimbo zima la Montana waliandikisha majina wakangoja zamu. LaVonne, daktari wa ng'ombe aliyestaafu, alikuwa nazo kumi na tisa nyumbani ndani ya sefu, zote za kutazama na kupangusa tu. Hii ya ishirini ndiyo aliyoitamani kuliko zote, chuma cha buluu iliyoiva, na mpini wa pembe ya elki, kulungu mkubwa wa huko, aliyewindwa na marehemu mumewe.

Asubuhi hiyo karatasi za serikali zilikuwa zimejazwa, simu imepigwa, jibu limerudi kwamba hana doa la uhalifu. Kilichobaki ni kukabidhiwa.

"Haya mama, mali yako hiyo," Thurman akasema, akaisukuma juu ya kitambaa mezani. "Usiililie tu. Machozi yanaleta kutu."

"Utalia wewe, ukiona inaondoka."

Mdomo wa bastola ulielekea ukutani. Nyuma ya ukuta huo wa mbao kulikuwa na jiko, na Bernadine, mke wa fundi, alikuwa humo akisukuma unga wa pai. Mti wa kusukumia ulisikika ukigonga meza, taratibu.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Anayekupa silaha anaifungua kwanza, anachungulia, anakuonyesha kuwa haina kitu. Nawe, hata kama umeona kwa macho yako mawili, unaifungua tena mwenyewe. Thurman aliwahi kumtoa nje askari mzima kwa kuruka hatua hiyo, akamwambia arudi siku atakayokuwa na akili. Leo yeye mwenyewe ameitoa kwenye kasha na kuisukuma tu. LaVonne aliliona hilo, akadhani ni furaha ya kazi iliyokwisha.

Akaielekeza sakafuni, akavuta chuma cha juu kurudi nyuma, kwa mazoea tu, si kwa shaka.

Risasi ikaruka. Nzima, haijapigwa. Ikagonga ukingo wa meza, ikabingirika chini, ikasimama karibu na kiatu chake.

LaVonne akaiweka bastola mezani. Akaitazama risasi, kisha ukuta, kisha uso wa mzee. Uso ulikuwa mweupe kama unga. Huko jikoni mti ukaendelea kugonga.

"Niliijaribu jana," Thurman akasema polepole. "Nikaifungua. Najua niliifungua."

"Hukuifungua, mzee wangu."

"Basi nimezeeka kidogo. Bernadine asijue. Zimebaki tatu za watu. Niache nizimalize hizo, halafu basi."

LaVonne aliinama akaiokota risasi. Ingeingia mfukoni vizuri. Angebeba bastola yake akaenda zake, na mzee angebaki na heshima yake na meza yake ya miaka hamsini. Lakini mti ule ulikuwa ukigonga, na aliyeushika hajui lolote.

"Bernadine," akaita. "Njoo mara moja, dada."

Bernadine akaja na unga hadi viwikoni. Akaiona risasi kiganjani mwa LaVonne, wala hakuuliza ni ya nini. Hilo lilimshtua LaVonne kuliko risasi yenyewe.

"Nifuate," Bernadine akasema.

Jikoni aliinua kalenda iliyoning'inia ukutani. Chini yake palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama mezani.

"Risasi ilipita hapa mwezi wa tatu," akasema. "Nilikuwa nimeinama kuokota kijiko."

LaVonne akaligusa tundu. Akashika ukingo wa sinki. "Na ukanyamaza?"

"Alilia siku nzima, mimi nikaliziba tundu upande wa karakana. Kesho yake akaniuliza kwa nini nimehamisha kalenda. Ningemwambia nini? Ukimtoa mle karakanani, mume wangu anabaki nani? Basi nikimsikia anajaribu silaha, nakwenda kwa kuku. Leo nilijua ni kukabidhi tu, nikasema ngoja nikuokee pai."

Hawakumsikia akija. Thurman alikuwa mlangoni, akilitazama tundu.

"Nani katoboa ukuta wangu?"

"Ni wewe, baba," Bernadine akamjibu kwa upole.

Akasogea. Akasimama pale mkewe anaposimama kila siku, akapima tundu kwa kifua chake; kwa Bernadine, aliye mfupi kuliko yeye, lingekuwa usawa wa shingo. Akapima tena. Kisha akavuta kiti, akaketi bila kuvua aproni.

"LaVonne," akasema, "mwandiko wako unasomeka?"

"Mimi ni daktari, mzee."

"Basi andika kwa herufi kubwa. Barua tatu, kwa wale watatu wanaongoja, kwamba sitazimaliza bastola zao."

Akachukua kalamu. Aliandika majina, kisha akaanza kuandika kwamba fundi hajisikii vizuri.

Thurman akamshika mkono. "Futa hiyo. Andika kwamba nilimpa mteja bastola ikiwa na risasi. Watu wa kazi hii wataelewa."