Pleti ya Veronika

Siku hizi pleti za kuchapia huletwa Moshi zikiwa zimeshapakwa dawa kiwandani, alumini nyembamba ya kuchapa mara moja, kisha inagongomewa kwenye banda la mbuzi. Vedastus alizidharau. Yeye alifunzwa kazi na baba yake, mzee Ebenezeri, enzi ambazo pleti ilikuwa nene na ikisagwa. Unailaza sandukuni, unamwaga mchanga, maji na gololi za chuma, unatikisa mpaka maandishi ya zamani yafutike. Kisha unaipaka dawa na kuchapa kazi nyingine. Isipokuwa pleti ya msiba. Hiyo, mzee alisema, hairudi sandukuni.

Sasa Joyness, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa na Godlove, na Vedastus alitaka kadi za harusi azichape kwa mtindo wa mzee. Pleti nene ilibaki moja tu, ukutani mwa karakana yake pale Rau: ile iliyochapa ratiba ya mazishi ya mkewe Veronika, aliyefariki akimzaa Joyness. Akajiambia hayo ni mambo ya kizamani, akaing'oa. Aliisaga asubuhi nzima mpaka ikawa nyeupe pe.

Kadi ya kwanza ilitoka safi. Ya kumi ilikuwa na kivuli chini ya jina la bibi harusi. Kwenye ya hamsini, mstari wa ratiba ya Veronika ulisomeka bila taabu: “Ameacha mume na mtoto mmoja.”

Alizima mashine, akaisaga pleti upya hadi mikono ikafa ganzi, akaipaka dawa, akachapa tena. Safari hii mstari ule ulitoka kwenye kadi ya kwanza kabisa, mweusi tii, na juu yake jina moja tu: Joyness. Godlove hakuwepo, wala tarehe ya harusi. Vedastus aliogopa kuliko wakati wowote, maana hakuwa na mwingine duniani.

“Shikamoo, baba. Nimefuata kadi.”

Vedastus alikurupuka kuzificha, lakini Joyness alikuwa ameshaokota moja. Aliisoma, akairudia. Mkono wake ukashuka tumboni, ukatulia hapo.

“Baba,” alisema taratibu, “sijamwambia mtu yeyote. Hata Godlove bado hajui. Nani amekuambia kuna mtoto?”