Jike Aliyenata kwenye Uji

Ametaga, dada, nakuapia ametaga!

Ngoja nikae kwanza, miguu imegoma. Si unajua mwaka huu wa mwisho wa biolojia utafiti wangu ni inzi? Wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Tunawazalisha kwenye chupa, chini tumewawekea uji mzito, tunaangalia macho ya wajukuu: mekundu au meupe. Bila wajukuu hakuna ripoti, na bila ripoti narudia mwaka. Mama keshaanza kualika watu kwenye mahafali, ningemwambia nini?

Sasa, ukiwahamisha unawalewesha na dawa, na chupa unailaza mpaka waamke. Ukiisimamisha wanaangukia uji, wananata, kwisha habari.

Juzi nimewahamisha wazazi wa hao wajukuu vizuri, nimechoka hoi, nikasinzia palepale, shavu juu ya meza. Mwenzangu wa utafiti, yule tunayemwita Bwana Usafi, akapita na kitambaa chake. Sheria anaijua, ila akiona kitu kimelala akili inamhama. Akazisimamisha chupa zote, mstari mmoja, kama gwaride! Naamka, inzi wote wamenata.

"Usafi, umemaliza ukoo mzima!"

"Nilidhani umeziangusha. Ulivyokuwa unakoroma, bibie, hata meza ilitikisika."

Mhadhiri akachungulia, akavua miwani. "Poleni. Mtarudia mwakani."

Dada, hata nguvu ya kulia sikuwa nayo. Nikabeba chupa nikazioshe, maji nimeshafungua, Usafi akanidaka mkono.

"We, huyu si anacheza?"

Jike mmoja. Mabawa yote yamezama kwenye uji, mguu mmoja hewani, na tumbo linabonyea, linabonyea. Anataga! Kanata, anakufa, na bado anataga. Nikajikuta namwambia, "Pole, mama." Usafi hakucheka.

Na leo asubuhi mabuu wanatambaa, weupe, wamejaa tele! Wajukuu wenyewe hao! Nikamwita mhadhiri, akakodoa macho weee, akasema, "Haya. Wakitoka na mabawa, hesabuni hao hao."

Kwa hiyo chupa hiyo hapo karibu na mto wangu, usiiguse. Usiifute vumbi, usiinyooshe, hata ikikukera. Kwa Usafi siiachi, ng'o, ingawa chupa za maabara haziruhusiwi kutoka chuoni. Ila mhadhiri alivyonifuma getini nimeificha ndani ya sweta... aah, dada, kope zenyewe zimenata. Zima taa, hiyo nitakupa kesho.