Dokta wa Mama Akimana

Sindano ya chanjo ilikuwa tayari na mtoto ameshaanza kulia, Bwana Shem alipomwita Colette kutoka ofisini. Colette akamaliza chanjo, akambembeleza mtoto, akamrudisha kwa mama yake, ndipo akanawa mikono. Katika zahanati ile ya binafsi pale Isipingo, kusini mwa Durban, meneja angeweza kungoja kidogo.

Bwana Shem alikuwa Mkenya mpole aliyeogopa mawakili kuliko magonjwa.

"Keti, Sista. Hospitali wamenipigia simu. Kuna mama wa soko la Warwick alianguka wiki jana. Walipomuuliza nani anamtibu, akawaambia, 'Dokta Colette wa Isipingo.'"

Colette alitaka kucheka, lakini alipoona uso wa Shem akajizuia. Alimjua huyo mama. Ni Mama Akimana, muuza ndagala, yaani dagaa wakavu, na sombe ya majani ya muhogo, mtu wa Uvira kule Kongo kama yeye. Ndiye aliyempa mahali pa kulala alipofika Durban hana hata sufuria, miaka ile ya kusuka nywele saluni akingojea vyeti vyake vya uuguzi vitambuliwe. Basi kila jioni, akibadilisha taxi pale sokoni, Colette alimkalisha juu ya kreti akampima presha kwa kimashine chake. Wanawake wengine wa sokoni nao wakazoea. Wangeenda wapi? Kwenye geti la kliniki ya serikali ya jirani walisimama watu wasiotaka wageni, wakidai kitambulisho cha uraia, na asiye nacho alifukuzwa kabla hajamwona hata mfagiaji.

"Sikujiita dokta," alisema Colette. "Kwetu nesi yeyote banamuitaka dokta. Ni heshima tu."

"Mimi nakuelewa. Sheria ndiyo haijui Uvira." Shem alivuta kiti karibu. "Na hata bila hilo jina, ukishampima mtu ukamshauri, amekuwa mgonjwa wako. Akianguka, wanauliza nani alimwona mwisho. Bima yetu inakulinda humu ndani pekee. Huko nje uko peke yako."

"Nilimwambia aende hospitali."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya ndagala."

Shem alicheka bila kupenda, kisha akakunja uso tena. "Colette, nakuomba. Safari hii nimewatuliza. Wakipiga tena, itabidi nikupeleke kwenye Baraza la Wauguzi, na wanaweza kukufutia usajili. Unataka kurudi saluni?"

"Basi nimulete hapa, tumutibu ndani ya bima yenu."

Wote wawili walijua kwamba hapa palikuwa pa wenye fedha.

Neno saluni lilimfuata Colette mchana kutwa. Hakumkasirikia Shem; mtu anayekutetea huku anatetemeka bado anakutetea. Hasira yake ilikuwa juu ya sheria hiyo yenye macho makali kwa anayemgusa mgonjwa, lakini kwa wanaomfukuza mgonjwa getini inageuka kipofu. Hata hivyo hasira hailipi kodi ya nyumba. Jioni alikifungia kimashine kabatini, akaondoka na mkoba mwepesi.

Mama Akimana, ambaye hospitali ilikuwa imemruhusu na sasa amerudi kuuza, alimwona tangu mbali, na mkono wa blauzi alikuwa ameshaukunja.

"Dokta wangu! Karibu, mwana!"

"Mama, leo siwezi. Banakataza." Akakaa juu ya kreti, akamweleza yote. Alipofika kwenye lile jina la dokta, mama akajipiga paji la uso.

"Yesu wangu! Mi niko nakusifia, kumbe niko nakuchoma! Nilitaka bajue nami niko na mtu. Bengine biko na dokta wao, mi niko na wangu."

"Najua, mama. Siko na hasira."

"Basi unisalimie tu. Ao salamu nayo banaikataza?"

Salamu ya kwao si ya kupita njia. Walishikana mikono wakaulizana habari za watoto, za waliobaki kwenye kambi ya wakimbizi, za shangazi wa Uvira na goti lake. Mikono haikuachana. Vidole vitatu vya Colette vikateleza vyenyewe hadi kwenye kifundo cha mkono wa mama. Mapigo yalikimbia, yakaruka, yakasita, yakakimbia tena. Akauliza upya habari za watoto, wale wale, apate kuhakikisha. Mama Akimana akautazama mkono wake, kisha akamtazama usoni.

"Na kifua, mama? Hakijambo?"

"Kiko kinabana toka asubuhi."

"Funika meza. Tunaenda hospitali."

"Weye utapoteza kazi!"

"Naenda kama mtoto wako. Mtoto hahitaji bima."

Akavua beji, akaitia mkobani, akajifunika kitenge cha mama juu ya sare yake.

Mapokezi ya dharura yalikuwa yamejaa. Karani aliyechoka, macho kwenye kompyuta, aliuliza jina, umri, mahali anapoishi. "Eish, mama, nawe tena," akasema. "Na nani anakutibu?"

Colette aliyaona maneno yakimjia mama mdomoni. Wiki jana alikuwa ameyasema kifua mbele, kwa furaha ya mtu mwenye dokta wake. Sasa aliinamisha kichwa.

"Hakuna," alisema Mama Akimana. "Mi sina mtu."

Chini ya kaunta mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Colette, na mapigo yake chini ya vile vidole vitatu. Colette alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda, na hakuruhusiwa kufungua mdomo.

Karani akaandika hivyo hivyo, bila kushangaa.