Sauti Iliyofutwa Masaki

Tangu alipofika Tumbi na wenzake asubuhi ile, Siwema Mwinyimadi hakutulia. Mara atoke ukumbini, mara arudi, mara akishike kinasa sauti kilichokuwa mezani kana kwamba kitamtoroka. Alikuwa akimalizia masomo ya uandishi wa habari chuoni Dar es Salaam, na siku hiyo chuo kilikuja hapo Tumbi, Kibaha, kusoma utafiti wa wanafunzi wake mbele ya wageni wa wizara na wa mkoa. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: vikundi vya kusikiliza redio vijijini, vinasikiliza kweli?

Siwema alikuwa amepangiwa Masaki, kule Kisarawe, kwa kuwa ndiko kwao. Watu walimkaribisha, wakamwambia waliyodhani anataka kuyasikia. Isipokuwa Bi Biasha, shangazi wa baba yake. Huyo alikivuta kinasa sauti karibu na kinywa, akasema, "Redio iko nyumbani kwa mwenyekiti, sisi hatuisikii. Na hata tungeisikia, inatufundisha kulima. Tulime wapi? Mikorosho yetu imebaki kule tulikotolewa kwa nguvu kuletwa katika kijiji hiki, na nyumba yangu viongozi waliitia moto mihogo ikiwa bado ndani."

Mwalimu wake, Bwana Ponsiano, alipousikiliza utepe aliurudisha nyuma, akausikiliza tena. "Pakate hapo," alisema hatimaye. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya huyo mama."

Siwema hakujua kama ile ni huruma au ni woga. Hakupata raha mpaka alipodandia lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu Masaki. Alimkuta Bi Biasha akimenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umerudi na dude lako?"

Siwema akamweleza yote: semina, wageni, na kwamba sauti yake ingeweza kutambuliwa. Alitumaini bibi atasema waache wasikie. Bi Biasha akaweka kisu chini.

"Mimi mzee, watanifanya nini? Lakini mwanangu Mashaka ndiyo kwanza amepewa kazi katika duka la kijiji. Watamtoa. Nifute, mjukuu wangu."

"Lakini ulisema kweli, bibi."

"Nilisema. Nilikwambia wewe."

Siwema akamfuta palepale, utepe ukizunguka bila neno.

"Nimekwisha?" bibi akauliza.

"Umekwisha."

Sasa ukumbini Tumbi, utepe ulisifu tu. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo mama mmoja wa wizara, Bibi Adventina, akanyoosha mkono. "Binti, kijiji kizima hukukuta hata mmoja asiyesikiliza?"

Bwana Ponsiano akainamia karatasi zake. Neno moja tu, *sikumkuta*, nalo lingekwisha. Siwema alisimama, asilitamke.

"Wapo," alisema. "Waliniomba nisiwalete hapa."

"Akina nani?" bwana mmoja wa mkoa aliuliza, tayari amesimama. "Wataje."

"Sitawataja."

"Basi huo si utafiti, ni umbea!"

Watu wakacheka. Siwema alikaa chini.

Taarifa yake haikuchapwa pamoja na za wenzake, na nafasi ya redioni aliyokuwa ameahidiwa akapewa mwingine. Hayo aliyameza. Lililomnyima amani ni habari kwamba viongozi wamekwenda Masaki kumtafuta aliyesema hasikilizi redio. Akafunga safari tena.

Mashaka alikuwa bado dukani, akipima chumvi. Bi Biasha alikuwa barazani.

"Walipita nyumba kwa nyumba," alisema. "Na mimi niliulizwa."

"Ukajibu nini, bibi?"

"Nikasema redio naipenda sana, sikosi hata siku moja."

Bi Biasha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Siwema alijaribu kucheka naye, akashindwa. Akabaki amesimama, hajui kama akae au aage.