Jibu Lililotoka Nyumba ya Kijani

Lorna Hrycay hakumpenda Mwalimu Fehr tangu siku ya kwanza. Mwanaume mzima, hana mke, katokea Winnipeg katikati ya muhula, na kazi yake kuwafundisha watoto mambo ya mitandao. Katika mji wao mdogo jimboni Saskatchewan, mtu kama huyo humtazami mara moja ukaridhika.

Ndiyo maana Jumanne jioni, binti yake Daria alipokwenda mazoezi ya hoki, Lorna aliziacha piroji za viazi zikichemka jikoni akafungua kompyuta ya shule ya binti huyo wa miaka kumi na mmoja. Neno la siri alishalichungulia zamani. Akakuta ujumbe wa mtu anayejiita Kobi: “Nimekuona ukicheza. Wewe hodari. Unakaa wapi? Usimwambie mama.”

Akili ikamruka. Nani husimama kando ya uwanja wa barafu kila Jumamosi na kikombe cha kahawa? Fehr. Polisi wako mbali, na wangetaka ushahidi. Basi ushahidi atautafuta mwenyewe. Akaandika kama Daria: “Mtaa wa Tatu, nyumba ya kijani. Kesho saa kumi mama hayupo. Njoo.”

Kesho yake hakwenda kazini. Simu ililia mara tatu, akaiacha, isije ikajulikana yumo ndani. Saa kumi alikuwa nyuma ya pazia, koleo la theluji mkononi. Saa kumi na dakika tano, Fehr akagonga.

Lorna akaufungua mlango kwa kishindo. “Nimekupata, mshenzi wewe!”

Nyuma ya Fehr alisimama mwalimu mkuu, Bi Toews, kamshika Daria mkono.

“Mama Daria, weka koleo chini,” Bi Toews alisema. “Tumekupigia mpaka tumechoka. Tuliogopa kumwacha mtoto arudi peke yake.”

“Muulize huyu, Kobi ni nani.”

“Ni mimi,” alisema Fehr. “Ni zoezi. Darasa zima limepata ujumbe huo. Lengo, asijibu mtu, aje aniambie. Fomu ulitia sahihi mwezi uliopita.”

Lorna alizikumbuka zile fomu. Alizitia sahihi zote kwa mkupuo juu ya boneti ya gari, ile ya kuteleza barafuni, ile ya siku ya piza, bila kusoma hata moja.

“Daria ndiye aliyekuja kuniambia wa kwanza, jana asubuhi,” Fehr akaendelea. “Halafu jioni jibu likaja, na anwani juu.”

“Nimewaambia siyo mimi,” Daria alisema. Macho yalikuwa mekundu. “Kutwa nzima nawaambia. Hakuna aliyeniamini.”

Lorna alitamani ardhi immeze. “Ni mimi niliyeandika,” alisema. “Samahani, mwanangu.”

Walimu walipoondoka, Daria hakuvua hata koti. Alikaa mezani akafungua kompyuta yake mahali pa kubadili neno la siri, akasita.

“Mama, geukia kule.”

“Mimi mama yako, Daria.”

“Najua. Geuka.”

Lorna akageukia ukuta, akasubiri mpaka aliposikia kompyuta imefungwa.