Makadirio ya Gotu

Kobia alikuwa na kalamu, jamani. Pale ofisi ya baraza, Isiolo, wakubwa walimpelekea barua zao azinyooshe. Taarifa yake ya makadirio ya mifugo ya mwaka wa 1965 ndiyo iliyompatia cheo Nairobi. Barua ya uhamisho ilikuwa mfukoni, na mkewe Kathambi alishaanza kufunga vyombo.

Sasa taarifa hiyohiyo ilikuwa mezani kwa Bwana Bedan, msikilizaji wa rufaa za kodi, na mbele yake alisimama Erot, mfugaji wa Kiturkana kutoka Gotu. Nje, landirova ya askari ilikuwa inanguruma.

"Umeandikiwa ng'ombe themanini," Bedan alisema. "Tumekuta kumi na tisa tu. Hao wengine umewapa waasi wa shifta?"

"Sikuwa na wengine, mzee."

"Basi mwaka jana ulikuwa na wangapi?"

Erot akanyamaza. Kobia alijua sababu. Wazee wa Kiturkana hawataji idadi ya mifugo yao. Ukiitaja, unaita kifo zizini. Mwaka jana Kobia mwenyewe alimwuliza Erot swali hilohilo, akanyamaziwa vivyo hivyo. Jua lilikuwa kali, barabara ina risasi, naye akapima zizi kwa hatua, akapiga hesabu, akapata themanini. Kwamba familia nne zilikuwa zimejikusanya zizi moja kwa kuogopa shifta, hakujishughulisha kuuliza. Halafu akalipamba kosa kwa maneno matamu mpaka likawa ukweli wa serikali.

"Kobia, msomee."

"'Baada ya uchunguzi wa kina...'" Akaacha kusoma. Uchunguzi wa kina! Hata kivulini na wazee hakukaa.

"Kuhesabu siwezi," Erot alisema. "Lakini naweza kuwaita kwa majina."

Akaanza kuwaita polepole: Mwekundu wa pembe moja. Yule wa mabaka. Aliyezaliwa njiani. Mama yake. Kobia akapiga mstari kwa kila jina. Kumi na tisa.

"Bado sitini na mmoja," Bedan alisema, akamwita sajini.

Pingu zikaletwa. Mtu akienda nazo kambi ya askari siku hizo, kurudi ilikuwa bahati. Kobia angenyamaza tu, nani angejua? Mkono wa Erot ukashikwa.

"Hao sitini na mmoja nimewazaa mimi," Kobia alisema. "Nilipima zizi la watu wanne, nikamwandikia mmoja. Sikuuliza."

Bedan akamsukumia karatasi. "Andika hivyo, utie sahihi. Na hiyo barua ya Nairobi uiache hapa."

Kobia akaandika mistari miwili mikavu, bila pambo hata moja. Sajini akarudisha pingu kiunoni.

Erot alipofika mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira.

"Mwaka jana ungeniuliza majina yao," alisema, "ningekuambia."

Kobia akainamisha kichwa. Aibu ilimuuma kuliko kukikosa cheo.