Mashati Sitini Mbele ya Jopo

Mwanakhamis alibakiwa na nafasi moja tu, nayo ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mara ya kwanza alipoitetea tasnifu yake ya uzamivu, jopo lilimrudisha. Na chuo chake hapo Guangzhou, China, hakikuwa na mara ya tatu: ukianguka tena, ufadhili unakatwa, unarudi Unguja na begi lako, miaka minne imekwenda na maji. Mtoto wa watu alikonda mpaka pete zikawa zinamcheza vidoleni.

Kosa lake lilikuwa nini? Alisema riwaya za Kiingereza za enzi ya viwanda hazikutungwa na waandishi peke yao. Wafanyakazi walichangiana senti, wakanunua kipande cha riwaya cha wiki hiyo, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Na kusikiliza kwao ndiko kulikoipa riwaya umbo lake. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Liang, mwanamke asiyecheka hata umtekenye, aliifungua hadithi aliyoichambua Mwanakhamis, kongwe, isiyo na jina la mwandishi, akaiwekea kidole.

"Huyu msimamizi wa kiwanda anafuta miwani kwa pindo la koti kila anapotokea. Mara thelathini na moja! Huu ni uvivu wa mwandishi. Hao wasikilizaji wako wanahusika vipi? Nithibitishie."

Hakuweza. Akakusanya karatasi zake, akatoka.

Basi Jumamosi akaenda zake mtaa wa Xiaobei kupoza moyo kwa Maulida, shoga yake tangu utotoni, ambaye alikuwa mfungashaji katika ofisi ya kusafirishia mizigo. Mashati yanaletwa kwa magunia kutoka soko la Zhanqian, Maulida na wenzake wawili, Fathiya na Sesilia, wanayakunja na kuyashindilia kwenye marobota yanayokwenda Dar.

"Usikae hapo kama uko msibani," Maulida alimwambia. "Mikono yetu ina kazi, masikio hayana. Tusomee hicho kinachokuliza."

Akawasomea, akiigeuza Kiswahili papo hapo. Mashine ya kubana marobota inanguruma, laobani, yaani bosi mwenye ofisi, anaingia na kutoka akigomba, Sesilia kila dakika anaitwa nje kupokea mzigo. Na Mwanakhamis, kwa aibu ya maneno aliyotupiwa, akawa anairuka ile miwani. Haikupita robo saa Fathiya akapiga ukelele.

"Hebu ngoja! Anayemfukuza mjane ni nani?"

"Msimamizi."

"Msimamizi yupi tena? Mimi nilidhani ni mwenye nyumba!"

"Ati mwenye nyumba! Mwenye nyumba si alikwishakufa?" Maulida akadakia, na wakabishana mpaka mashati ya mikono mirefu yakaingia kwenye robota la mikono mifupi. Laobani akaona, akapiga kelele, ikabidi lifunguliwe upya.

Mwanakhamis akarudi nyuma, akasoma kama ilivyoandikwa, miwani na pindo lake. Safari hii Sesilia aliingia kutoka nje katikati ya sentensi, akasikia mtu anafuta miwani, akasonya. "Kumbe mshenzi huyu bado yupo!"

Mwanakhamis akaitazama tena ile sentensi. Halafu akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Maulida, niazime mashati sitini!"

Alhamisi akaingia ukumbini na gunia. Maprofesa watano wakamtazama, wakatazamana. Akawawekea kila mmoja mashati kumi na mawili. "Naomba mkunje huku mkinisikiliza, kama walivyonisikiliza wafungashaji watatu wa Xiaobei," akasema. Mmoja akaguna kwamba yeye hakuja hapo kufanya udobi. Profesa Liang akasogeza kiti. Alivua saa yake, akavuta shati. Jamani, mkunjo ule! Kola chini, mikono nyuma, mara tatu, pa!

"Mama yangu alishona kiwandani miaka ishirini," akasema bila kuinua macho. "Soma."

Nani angekataa tena? Akawasomea sura moja aliyoiondolea miwani yote, kisha akauliza ni nani aliyewafungia watoto mlango. Maprofesa watano, majibu matatu. Akasoma sura nyingine, nzima kama ilivyo. Alipofika penye "akavua miwani, akashika pindo la koti," akanyamaza.

"Msimamizi!" wakasema wote kwa pamoja, hata yule wa udobi.

"Mwandishi huyu hakuwa mvivu," Mwanakhamis akasema. "Aliwajua watu wake. Wametoka kiwandani hoi, mmoja anatia viraka, mwingine ananyonyesha, wa tatu ameingia sasa hivi na hajui hadithi imefika wapi. Kila alipomfutisha msimamizi ile miwani alikuwa anawafikiria wao. Mara thelathini na moja, Profesa, aliwafikiria."

Profesa Liang aliliweka shati lake la mwisho juu ya rundo. "Na yule mjane," akauliza polepole, "alirudishiwa nyumba yake?"

Wakacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka! Hawakukaa faraghani hata dakika kumi. Wakamwita ndani, wakasimama, wakamwita Daktari.

"Lakini kuna sharti," akasema Profesa Liang. "Wale wasikilizaji wa Uingereza, hakuna aliyejali kuandika majina yao. Wako watatu waandike."

Mwanakhamis hakungoja kufika nje. Alipiga simu papo hapo mlangoni, huku machozi yanamtiririka, na vigelegele vilivyotoka Xiaobei viliwafanya maprofesa wageuke. Nyuma ya vigelegele laobani anasikika akiuliza nani kaangukiwa na robota.

"Nataka majina yenu," Mwanakhamis akasema alipopata nafasi. "Yanaingia kitabuni. Chuo kinataka."

Fathiya na Sesilia walisikika wakinong'ona. Kisha Maulida, ambaye miaka sita kwenye karatasi za ofisi ile aliandikwa "mfungashaji namba mbili," akakohoa kusafisha koo.

"Andika vizuri basi," akasema. "Maulida Marijani Ussi. Yote matatu, na usifupishe hata moja."